Mkalimani Aliyeongeza Maneno

Mwaka 1970 Agripina alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa Bukoba aliyekuja Stockholm kusomea uuguzi. Kiingereza alikijua vizuri na Kiswidi alikishika upesi, ndiyo maana kamati moja ya kupinga vita ilizoea kumwita atafsiri. Jumamosi hiyo msemaji alikuwa Lucius, Mmarekani mweusi aliyetoroka jeshini asipelekwe Vietnam.

Mwenyekiti, bwana mpole aitwaye Holmgren, alitaka habari za vita tu. Lucius akaanza na bibi wa bibi yake, mtumwa aliyetoroka kutoka kusini mwa Marekani akazunguka makanisa ya kaskazini akihutubia watu wakomeshe utumwa.

"Walilia, wakampigia makofi," alisema. "Kisha wakamwonyesha zizi la farasi, alale humo. Nanyi mnanipigia makofi. Lakini wiki hii nimebisha milango minne nikitafuta chumba, na yote minne nimeambiwa kimeshachukuliwa."

Kabla Agripina hajafungua kinywa, Holmgren akamwinamia sikioni. "Hilo la vyumba liache. Hawa ni marafiki."

Mwezi uliopita mama mmoja wa Rågsved, mtaa wa pembeni mwa mji, alimwambia Agripina kwenye simu aje achukue chumba. Alipomwona mlangoni, chumba kikawa kimepata mtu. Agripina hakumsimulia yeyote. Aliona haya, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Akatafsiri yote. Kisha akasema, "Haya sasa si ya Lucius, ni yangu. Nami yamenikuta, hapa hapa mjini."

Mtu mmoja alisukuma kiti, akatoka.

Nje, Deusdedit, mwanafunzi mwenzake kutoka Tanzania, alimjia juu. "Dada, wewe ni mgeni hapa! Wakikunyima kibali cha kuishi je?"

"Basi nitarudi nyumbani nikiwa nimesema."

Alijibu hivyo, lakini wiki nzima hakutulia. Kila barua iliyodondoka mlangoni ilimshtua. Kibali hakikuguswa. Kamati ilitafuta mkalimani mwingine, wala haikumwambia. Lucius alihamia Malmö, akapata kazi kiwandani.

Mwezi Machi wanafunzi wenzake wa uuguzi wakamwalika ahutubie mkutano wao, safari hii kwa maneno yake mwenyewe tangu mwanzo. Alikubali, akajuta, akataka kukataa, halafu akapanda treni kwenda mkutanoni akiwa bado anabadilisha sentensi ya kwanza.