Proper time, na siku niliyomwambia mdogo wangu amechelewa kumzika mama

Wakuu, nawasalimu kutoka Mpepai, Mbinga. Mimi ni mzee wa kidato cha nne cha zamani, na fizikia ilinishinda. Ninachoandika ni kweli, na aibu yake ni yangu.

Binti yangu anafundisha fizikia. Likizo hii nilimkuta anasahihisha mitihani ya relativity, ile nadharia ya muda na mwendo, nikamuuliza proper time ni kitu gani.

Akasema ni muda unaopimwa na saa anayosafiri nayo mtu mwenyewe. Watu wanaokwenda kwa mwendo tofauti, kila mmoja ataipimia safari ile ile muda wake. Lakini saa ya msafiri ilisoma ngapi alipotoka na ngapi alipofika, hapo hakuna wa kubisha. Ndiyo maana wanaitumia.

Nikauliza, kwa nini tusishike saa moja kwa wote?

Akacheka. Eti hata saa ya huku mlimani inaitangulia ile ya Ngumbo, kule chini ziwani, japo kwa kiasi kidogo mno.

Hapo nikapotea. Mpaka leo sijaelewa.

Ila Ngumbo ndiko anakoishi mdogo wangu, na tulikuwa hatujazungumza miaka tisa, tangu mazishi ya mama.

Mama alipofariki tulipanga kuzika saa nane mchana. Ilikuwa masika. Padri alitaka tumsubiri mdogo wangu, mimi nikakataa, nikasema saa ni saa. Mdogo wangu akafika saa tisa, kaburi limeshafukiwa.

Nikamwambia mbele ya waombolezaji, "Umechelewa."

Basi Jumamosi nikashuka Ngumbo. Aliniamkia, akanipa kiti. Nikaanza kueleza habari za saa za mlimani na ziwani, nikajikanyaga mpaka shemeji akauliza kama nina homa.

Mwishowe nikauliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile ulitoka saa ngapi?

"Saa kumi alfajiri, kaka. Gari likanasa kwenye tope, nikatembea."

Nikahesabu kwa vidole. Masaa kumi na moja njiani. Mimi nilikuwa nimeona lile saa moja la kuchelewa tu.

Nikamwomba msamaha. Mdogo wangu akainuka. Kisha akachukua koti.

"Twende kaburini kwa mama. Safari hii unisubiri."

Binti yangu anasema nimechanganya mambo, relativity haihusiki na tope. Huenda. Nilichoshika ni kwamba kabla ya kumhukumu mtu, niulize saa yake imesoma nini.

Wajuzi wa fizikia, nirekebisheni taratibu. Na kama kuna aliyewahi kukosea kama mimi, aseme hapa, tusaidiane.