Ukanda wa Kondoo Mezani pa Bwana

Lile kaburi nilililima mimi, mchana kweupe. Nilikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, kule Hanang, kijana wa Kikristo kutoka milima ya Mbulu mwenye kiburi cha usukani. Msimamizi aliniambia ninyooshe mstari, nikapita juu ya tuta ambalo wafugaji walikuwa wamemzika mzee wao. Nilijua ni kaburi. Ndiyo aibu yangu mpaka leo.

Siku nne niliendesha nikigeuka nyuma, nikihofu kisasi. Siku ya tano alikuja mtoto wa marehemu, mtu wa makamo. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alisema wazee wao wamekubali tupatane: kondoo achinjwe pale kaburini, tupakwe damu, kisha mimi na yeye kila mmoja avae ukanda wa ngozi ya kondoo huyo kidoleni mpaka ukatike wenyewe. Atakayeuvua amerudisha uadui.

Nilimjibu kwa ukali wa mtu mwoga, kwamba mimi nimeoshwa kwa damu ya Yesu, damu ya agano jipya, na ya kondoo siihitaji.

"Hiyo damu yako," akauliza, "imekupatanisha na nani?"

Nikamwambia nitakuja. Kesho yake kondoo akachinjwa, nikapakwa, nikavaa.

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kanisani kwetu, aliyeshiriki tambiko hakuruhusiwa kusogea mezani, na habari zangu zilikuwa zimeshafika. Nikiwa kwenye benchi nilianza kuuzungusha ule ukanda. Ulikuwa umelegea, ningeuvuta kidogo tu ungetoka. Nilipoinua macho nikamwona yule mtoto wa marehemu amesimama mlangoni na shuka lake, anatazama mkono wangu.

Niliogopa pande zote mbili. Nikauacha kidoleni, nikaenda mbele.

Mchungaji alifika kwangu na kikombe. Alianza kutamka maneno ya damu ya agano, akaona kidole, akayakatiza.

"Umefanya agano na nani?" alininong'oneza.

Nikamwonyesha mlangoni. Mchungaji alimtazama yule mtu, kisha akakipeleka kikombe kwa jirani yangu.

Nilirudi kwenye benchi mdomo umenikauka, nikilia waziwazi mbele ya watu wazima. Nikasikia hatua nyuma yangu. Yule mtoto wa marehemu aliingia, akaketi kando yangu, akaweka mkono wake wenye ukanda karibu na wangu.

"Marahaba," akasema.