Mwalimu Akiingia

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mimi ndiye niliyemwambia mwalimu kuwa mdogo wangu anadeka. Nilimkatalia mama, nikamkatalia bibi. Mwezi uliopita, nilipokuta darasa letu la zamani chini ya Mlima Hanang limebomolewa, nilifurahi kama mtu aliyefutiwa ushahidi.

Tulisoma darasa moja kwa sababu nilikariri la tatu, jambo ambalo wasifu wangu wa chuo kikuu haulitaji. Wilaya yetu ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Arusha, biashara huria ndiyo kwanza imeruhusiwa, na gulio la Gehandu lilijaa mitumba. Huko mama alimchagulia mdogo wangu buti nzito, akiamini zitamshusha visigino. Maana alitembea kwa ncha za vidole, tumbo mbele, mabega nyuma, akiyumba. Akivaa buti alianguka; akivua alifika. Bibi akasema, "Mwacheni, anajua uzito wake ulipo." Asubuhi, tumbo likiwa na uji wa moto, nilimtambua nyuma yangu bila kugeuka: ta, ta, ta, vidole kwenye udongo mkavu.

Tabu ilikuwa kuinuka. Madawati hayakutosha, tulikaa sakafuni, na mwalimu akiingia wote tulisimama: "Shikamoo, mwalimu!" Mdogo wangu aliinua makalio kwanza, akashika magoti, akashika mapaja, akajikwea mwenyewe kama anayepanda mti. Alipofika juu, sisi tulikuwa tumeshaambiwa tukae.

"Huyu bwana mkubwa anasubiri mwaliko?" aliuliza mwalimu, mgeni kutoka mkoa mwingine. Darasa likaangua kicheko. Akanigeukia. "Wewe dada yake, huyu ni mgonjwa?"

Nilikuwa nimeshachekwa vya kutosha kwa kukariri.

"Hapana, mwalimu. Anadeka."

Akaadhibiwa kusimama nyuma kabisa ndani ya darasa, mgongo ukutani, kila siku hadi shule ifungwe.

Jina la ugonjwa, kudhoofika kwa misuli, tulilipata hospitalini akiwa mtu mzima. Sasa anatumia kiti cha magurudumu na anatengeneza redio na simu palepale kijijini. Buti zilipotea, bibi hayupo, na ule mlio wa ta, ta, ta sitausikia tena popote.

Niliporudi mjini kutoka kwenye kile kifusi nilimpigia simu, nikakiri. Nyuma yake kengele ya ng'ombe ililia.

"Dada, nilikuwepo. Nilisikia."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Ungesema mgonjwa, wangenirudisha nyumbani nichunge mbuzi nisioweza kuwafuata." Akacheka. "Halafu kusimama hakukunishinda, dada. Kuinuka ndiko kulinishinda. Muhula ule mwalimu akiingia alinikuta nimeshasimama kabla yenu wote. Shule ilipofungwa, nililia."