Mguu wa Kulia wa Ramla

Ramla alizaliwa Katoyi, mtaa mmoja wa Goma, katika familia ya watu wa Maniema waliofika huko na biashara ya mawese wakabaki. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Ndiye aliyemfundisha usukani, na alimkaripia kuliko alivyowakaripia kaka zake, kwa sababu, alisema, barabara haitamhurumia kwa kuwa ni msichana. Alipoolewa na Ismael, mchuuzi wa maharagwe anayekaa Rutshuru zaidi ya anavyokaa nyumbani, alikwenda kwa mumewe na ufundi huo kama wengine wanavyokwenda na masufuria. Wakanunua Toyota ndogo iliyokwisha kuchoka, na Ramla akaanza kubeba abiria kati ya soko la mjini na Munigi. Katika kituo chao cha teksi alikuwa mwanamke pekee.

Sitasema kwamba madereva wenzake walimpenda. Walimvumilia. Waliompenda ni wamama wa Munigi, wale wanaoshuka asubuhi na mboga na kupanda mchana na chumvi, sabuni na samaki wakavu. Walimngoja hata kama gari lingine lilikuwa tayari, kwa kuwa hakushindana na mtu njiani, na penye nafasi ya watatu hakuketisha wanne.

Mimba yake ya kwanza aliendesha nayo mpaka tumbo likaanza kugusa usukani. Kisha uchungu ukaja, mtoto akakwama, na madaktari wakampasua. Nasiba akatoka mzima, analia kwa hasira. Siku ya kuondoka hospitali, mkunga aitwaye Charline alimshika mkono na kumwambia bila kuzungukazunguka:

“Mama, wewe uko dereva, sikia vizuri. Usibebe mutu hata mumoja mpaka siku mguu wako utakanyaga freni kwa nguvu yote, gafula, bila wewe kujishika tumbo. Kama mguu unasita, bado haujapona. Usihesabu siku. Uliza mguu.”

Sasa lazima nieleze desturi. Katika nyumba za Waislamu wa Goma, mama aliyejifungua hukaa ndani kwa muda wa arobaini. Hapiki, hachoti maji, hulishwa uji na mchuzi, na arobaini ikiisha husomwa dua, naye hutoka nje na kitenge kipya. Ni desturi nzuri, na siruhusu mtu aidharau mbele yangu. Ramla alipopata mimba, kituo cha teksi kilikuwa kimeiingiza desturi hiyo katika sheria zake, maana nusu ya madereva ni Waislamu. Nafasi katika foleni ni ya dereva, si ya gari. Dereva mwanamke akijifungua, ndugu humshikia nafasi mpaka arobaini iishe. Siku ya kutoka, mwenyewe asipokaa kwenye usukani, nafasi inakuwa ya aliyemshikia. Aliyemshikia Ramla ni shemeji yake Jumaine, mdogo wa Ismael, kijana mwenye mkono mwepesi wa honi.

Kosa la watu wote, kuanzia mama mkwe wake Kuluthumu mpaka shefu wa kituo, lilikuwa moja: walidhani kutoka ndani na kupona ni kitu kimoja. Desturi ilikuwa imempumzisha mama. Haikuwahi kuahidi kwamba imeuponya mshono.

Basi siku ya kutoka Ramla alikwenda kituoni amependeza, Kuluthumu amebaki na mtoto. Wamama wanne walikuwa wamekwisha kuketi ndani ya gari, Nabintu mwenye sauti kubwa akiwa amekaa mbele. Jumaine akampa ufunguo. Ramla akaketi, na kabla ya kuwasha injini akafanya kama alivyoagizwa: akaikanyaga breki ghafla, kwa nguvu zote.

Maumivu yakamkata chini ya kitovu. Mguu ukaruka juu wenyewe, mkono ukashika tumbo. Akajaribu tena. Safari hii mguu ulishuka polepole, unabembeleza, kama mtu anayekanyaga tope.

“Twende basi, Mama Nasiba!” Nabintu akasema. “Batoto yangu banalala na njaa kule.”

Angeweza kuwasha na kwenda. Huenda barabara ingekuwa nyeupe mpaka Munigi, na nani angejua? Swali hilo, nani angejua, ndilo linalowapeleka watu wetu makaburini. Ukilisikia moyoni mwako, jua umekwisha kukosea.

Ramla akafungua mlango akashuka. “Wamama, munisamehe. Mguu wangu haukamati freni. Siwapeleki.”

Kituo kizima kikacheka.

“Walimupasula tumbo, sasa mguu njo unaumwa?” dereva mmoja akapiga kelele.

“Labda munganga alikosea njia!” mwingine akajibu.

Shefu wa kituo, muzee Mirindi, mtu wa Bukavu mwenye kofia ya ngozi asiyoivua hata kanisani, hakucheka. “Mama Nasiba, unajua sheria. Leo njo mwisho.”

“Najua, papa shefu.”

“Ukirudi nyumbani, nafasi iko ya Jumaine. Gari yako mwenyewe, yeye njo ataendesha, wewe utaiangalia ikipita.”

“Najua.”

Akampa Jumaine ufunguo, akarudi Katoyi kwa miguu, juu ya mawe meusi ya volkano, na kitenge chake kipya.

Nyumbani Kuluthumu alimpokea kwa moto. “Ungeenda polepole tu! Safari moja, kupanda na kushuka, unalinda nafasi yako, unarudi unalala!”

“Mama, mutoto akinikatia njia, nimwambie angoje kwanza tumbo lipone?”

Mwanamke mzee akaenda kupakua chakula. Kisha akasema, “Njoo ule.” Kwa kinywa cha Kuluthumu, hiyo ni kuomba radhi.

Kurudi kwa nguvu hakukuwa na muujiza. Ramla alitembea, kwanza mpaka kona, kisha mpaka barabara ya lami, kisha mbali zaidi, Nasiba mgongoni mwa bibi yake anayefuata nyuma akihema na kulalamika. Kila asubuhi, kabla Jumaine hajachukua gari, aliketi ndani yake uani, injini imezimwa, akikanyaga breki. Jumaine alisimama na mswaki mdomoni akimcheka: “Shemeji, unaua panya humo?” Lakini mguu ulikuwa mjanja. Ulijua lini utaamriwa, ukajiandaa. Ndipo Kuluthumu alipobuni dawa yake. Aliketi kando ya mkwewe, akamsimulia habari za harusi za Kindu, nani alikula nini na nani hakualikwa, na katikati ya habari, bila kugeuza uso, alipiga ukelele: “Mbuzi!”

Majirani walidhani bibi amerukwa na akili.

Asubuhi moja ukelele ulipotoka, pedali ilikuwa imekwisha kufika chini kabla Ramla hajafikiri lolote. Akageuka kumtazama mama mkwe wake. “Rudia.” Kuluthumu akarudia, mara kwa mara, mbuzi, ng’ombe, askari, mutoto, mpaka sauti ikamkauka, na kila mara mguu ulishuka wote. Siku hiyo hiyo Ramla alikwenda kwa Charline, naye baada ya kumpima akampa ruhusa.

Alipofika kituoni kudai nafasi yake, Mirindi alitikisa kichwa. “Mama, sheria iko sheria. Nikiivunja kwako, kesho kila mutu atakuja hapa na tumbo lake.” Madereva wakacheka. Na mimi sitamlaumu Mirindi. Msimamizi anayepindisha sheria kwa huruma leo, kesho ataipindisha kwa urafiki.

Lakini Nabintu alikuwapo, anangoja gari na furushi la samaki. “Papa shefu, hiyo sheria yenu inasema nini juu ya dereva hana freni?”

“Haendeshi.”

“Basi huyu njo aliifuata. Siku ile tulikuwa ndani, tayari, yeye akashuka. Jumaine! Wewe ungeshuka?”

Kila mtu akamtazama Jumaine. Alikuwa ameegemea gari, ufunguo kidoleni. Angeweza kudanganya bila shida. Alitazama viatu vyake, akasema, “Hapana. Singeshuka.”

Neno hilo lilimpa kijana huyu heshima ambayo honi haikuwahi kumpa. Mirindi alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

“Sawa. Tutapanda Munigi, mimi mbele. Tukiwa tunashuka, nitapiga kelele saa ile ninataka. Ukisita, Mama Nasiba, usiniulize tena kitu hii mpaka nife.”

“Mukaba kwanza, papa shefu,” Ramla akasema, akimwonyesha mkanda wa kiti.

“Mimi? Mimi sifungiangi mukaba.”

“Basi gari haitembei.”

Akafunga, ananung’unika. Nabintu akajipakia nyuma na samaki wake, na walipofika Munigi akakataa kushuka. “Hii sikosi,” akasema.

Wakaanza kuteremka. Mirindi alikuwa mjanja kuliko mama mkwe. Alisifu hewa. Aliuliza habari za Ismael, bei ya maharagwe, meno ya mtoto. Alifumba macho kama anayesinzia. Ramla alijibu kila swali huku akitazama mbele na kwenye kioo cha nyuma. Mahali mteremko unapozidi na barabara imenyooka, wala hakuna aliyewafuata, muzee akanguruma: “SIMAMA!”

Matairi yalilia. Gari likasimama palepale, injini ikazimika. Kofia ya ngozi iliruka ikagonga kioo, na nyuma Nabintu alionekana amekumbatia samaki wake kama mtoto. Mukaba ulikuwa umemkaba Mirindi kifuani.

“Mama,” Mirindi akasema akitafuta pumzi, “ulitaka kuniua?”

“Nilitaka kusimama, papa.”

“Na tumbo?”

Ramla akacheka kwa mara ya kwanza tangu arobaini. “Tumbo gani?”

Nabintu akapiga vigelegele mpaka waliokuwa wakipita na mizigo wakasimama kutazama.

Kituoni Mirindi aliwakusanya madereva. Nafasi ya Ramla alimrudishia palepale. Kisha akatangaza kwamba tangu siku ile mama aliyepasuliwa atashikiwa nafasi mpaka mguu wake ukubali, si mpaka arobaini iishe, na anayebisha aje ajaribiwe mteremkoni. Jumaine alimpa shemeji yake ufunguo kwa mikono miwili. Alasiri, Ramla anaporudi kunyonyesha, yeye ndiye anayeendesha sasa, na wamama wanasema honi imepungua.

Ila mchana ule gari lilikuwa la Ramla, nalo halikuondoka upesi, kwa sababu Nabintu na jirani yake waligombania kiti cha mbele.

“Toka hapa! Mimi njo nilimupigania!”

“Wewe ulipigania samaki yako!”

Ramla aliwaacha wamalizane. Kisha akawasha injini, akatazama nyuma, akaingia barabarani kwenda Munigi.