Mche Alioutupa Mshenga

Watu walimwita Mshenga, ingawa maishani mwake hakuwahi kupeleka posa ya mtu. Jina alipewa na mumewe, mlinzi wa ghala la saruji. Asubuhi moja alirudi kutoka lindoni akamkuta mkewe ameinama nyuma ya nyumba na kibano cha nyusi mkononi, anachukua unga wa manjano kwenye ua moja na kuupaka kwenye ncha ya ua jingine.

"Haya, mshenga," mume akasema, "na mahari mmekubaliana?"

Jirani aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta akaangua kicheko, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na jina jipya la kumwita.

Kazi iliyomlisha ilikuwa udobi wa hospitali. Kwa miaka ishirini na minne alisukuma vitoroli vya mashuka ya wodini, akayatumbukiza kwenye mashine zenye midomo mipana kama mapipa, akayatoa yanatoka moshi, akayapitisha kwenye pasi ya mvuke. Mashuka hayana mwisho. Ukimaliza ya wodi ya wazazi, ya chumba cha upasuaji yameshafika mlangoni. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imekakamaa, na kiuno kilimletea habari za mvua kabla ya redio.

Maua aliyoyapenda ni yale wanayoyaita maua ya siku moja. Shina linatoka katikati ya majani marefu, linabeba vitumba kumi au kumi na vitano, na kila alfajiri kimoja kinafunguka. Jioni ua limejikunja, limekwisha, kesho ni zamu ya jingine. Mengi ni ya njano, ya machungwa, mekundu ya damu ya mzee. Meupe hakuna. Yapo yanayokaribia, lakini ukiyasogelea unakuta njano imejificha kooni. Mshenga alitaka jeupe kweli, jeupe la shuka jipya kabla halijaonja wodi.

Basi kila msimu alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akichagua baba na mama, akipaka unga, akifunga utepe kwenye kikonyo. Tepe alizichana kwenye pindo za mashuka yaliyokwisha kufutwa kwenye daftari la hospitali, akaziandika namba kwa wino wa dobi, wino ambao hautoki hata uuchemshe. Likishika, tunda linavimba, linakauka, linapasuka na kutoa mbegu nyeusi zinazong'aa. Unazipanda, na kila mche unaufunga utepe wenye namba yake ya msimu huo. Halafu unakaa miaka miwili, hata mitatu, kumwona mtoto sura yake.

Na watoto wake walimchosha. Miaka kumi na moja, miche zaidi ya mia nne, na wote wakatoka na rangi ya shuka lililofuliwa mara elfu. Kiwanja chenyewe kilikuwa na upana wa vitanda vitatu. Ili apande wapya ilimbidi ang'oe wa zamani. Kwa hiyo mche ulipotoa ua la kwanza, aliutazama, akaguna, akachukua jembe. Lundo la miche iliyong'olewa lilikaa ukutani mpaka mtu aje kulichukua.

Wenzake katika ugonjwa huu walikuwa watatu. Mwalimu mstaafu, mwenye bustani kubwa nje ya mji. Mkunga, aliyefanya kazi hospitali moja na Mshenga na ambaye kicheko chake kilisikika kutoka wodini mpaka kwa madobi. Na fundi bomba, mwenye pikapu, ambaye alidai hapendi maua ila anapenda kusikia watu wazima wakigombana juu yake. Kila msimu wa kuchanua walitembeleana, Jumamosi moja kwa kila bustani, na walianza safari mapema kwa sababu ua la siku moja halimsubiri mchelewaji.

Jumamosi ya zamu ya Mwalimu ilimkuta Mshenga hoi. Mwenzake mmoja wa udobini alikuwa mgonjwa, naye alikuwa amefanya kazi siku tisa bila kupumzika. Fundi alipopiga honi, yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, haoni sababu ya kuendelea.

"Mwambie naumwa," akamwambia mumewe.

"Unaumwa nini?"

"Sijui. Chagua."

Mume akamvalisha kiatu cha pili, akakifunga kamba. "Nenda ukakae kwenye bustani ya mtu," akasema. "Angalau huko hutainama."

Njiani Mkunga alisimulia, Fundi akabisha, na Mshenga akasinzia kichwa kikigonga kioo. Aliota mashuka.

Mwalimu aliwapokea getini na fimbo yake na kofia yake ya jua. Aliwatembeza tuta kwa tuta kama anayekagua madaftari: hili limependeza, hili limezembea, hili nalipa mwaka mmoja lijirekebishe. Mshenga alisifu panapostahili. Mwilini alikuwa mzito kama nguo zilizoloa. Wenzake walipoinamia ua la zambarau, akajitenga kutafuta pa kukaa, akafuata njia inayoelekea nyuma ya jiko, penye mfereji wa maji ya kuoshea vyombo.

Hapo akasimama.

Kando ya mfereji palikuwa na kichaka kipana cha majani, mashina saba yamesimama juu yake, na maua manne yaliyofunguka asubuhi ile. Yalikuwa meupe. Alisogea akachungulia kooni, mahali njano hujificha. Hakuikuta. Kulikuwa na ukijani mwembamba tu, kama maji ndani ya glasi, kisha weupe mpaka ukingoni.

Akapiga magoti, akapenyeza mkono kati ya majani. Vidole vikashika kitambaa. Akakivuta: pindo la shuka, wino wa dobi, namba arobaini na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hakusikia wenzake wakija. Alisikia fimbo ya Mwalimu ikigonga mawe, ikanyamaza.

"Umeuona," Mwalimu akasema.

"Huu ni wangu."

"Ni wako. Miaka minne iliyopita nilikuja na magunia, nikachukua lundo lako nizibe kingo za mfereji. Mingine ilikufa. Huu ukashika."

"Na umechanua lini?"

Mwalimu akavua kofia. "Mwaka juzi ulitoa ua moja. Nikadhani macho yananidanganya. Mwaka jana ukatoa sita."

"Mwaka jana! Mwaka jana tumekaa wote kwenye kibaraza chako, umeniuliza weupe wangu umefikia wapi, nikakwambia nimechoka. Ukanimiminia chai!"

Fundi, ambaye siku zote alingoja ugomvi kama huu, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Niliogopa utauchukua," Mwalimu akasema. Alisema kwa sauti ya chini, ya mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Nimelima miaka thelathini, na ua zuri kuliko yote yaliyowahi kuota hapa limeota kwenye maji machafu, na si kazi yangu. Nilikuja kulitazama kila asubuhi. Kila asubuhi nilisema leo nampigia simu."

"Mwalimu mzima," Mkunga akasema.

"Mwalimu mzima," mzee akakubali.

Mshenga alifungua kinywa amseme. Maneno alikuwa nayo, na mengine makali. Badala yake akapindua ndoo iliyokuwa jirani, akaikalia, akaanza kulia. Mkunga akachuchumaa ubavuni pake akidhani ni furaha, kisha akadhani ni hasira.

"Nimetupa mia nne," Mshenga akasema. "Mia nne na zaidi. Nimeiangalia mara moja, mara moja tu, nikaipiga jembe. Mingapi ilikuwa hivi?"

"Ua la kwanza ni la kujikongoja," Mwalimu akasema taratibu. "Mche unakuwa bado haujaujua udongo."

"Najua! Unadhani sijui? Mimi ndiye niliyewafundisha hawa." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikuwa na nafasi. Sikuwa na muda. Natoka kazini natazama kwa macho ya mtu anayetaka kulala."

Fundi akakohoa. "Dada," akasema, "mimi nimefukua mabomba ya watu mpaka basi. Unayoyapata ni machache. Yaliyobaki chini yanabaki chini, huwezi kuyahesabu."

Haikuwa faraja kubwa, lakini ilikuwa ya kweli, na Mshenga akaacha kulia.

Mwalimu alikwenda akarudi na uma wa kuchimbia, akauchomeka ardhini kando ya kichaka. "Uchukue wote," akasema.

Mshenga aliutazama ule uma. Hasira ilikuwepo bado, lakini hakuwa na nguvu za kuibeba mpaka nyumbani. "Huwezi kuhamisha kitu kinachochanua," akasema. "Angekuwa mwanafunzi wako ungemchapa. Mvua zikianza, gawa katikati. Nusu uniletee mwenyewe, kwa miguu yako hiyo, sio utume mtu. Na utepe usiutoe."

"Na jina?" Mkunga akauliza. "Mtoto hatoki wodini bila jina."

"Lipo kwenye utepe."

"Arobaini na Moja? Ua zuri namna hiyo unaliita kama kitanda cha hospitali?"

"Ndilo jina lake," Mshenga akasema, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

Mwalimu alitimiza. Wiki ya pili ya mvua alishuka mtaani kwa Mshenga na gunia begani, tope mpaka magotini, akakataa hata kuketi. Mume wa Mshenga ndiye aliyechimba shimo, kwa sababu mkewe alikuwa kazini. Alichimba refu la kutosha kuzikia mbuzi, ikabidi lifukiwe nusu.

Msimu ule Mshenga aliozesha maua mawili tu. Mengine aliyaachia nyuki. Miche aliyokuwa amepanga kuing'oa aliiacha ilipo, ikabanana, ikagombania mbolea, na bustani yake ikawa ovyo kuliko wakati wowote. Alipunguza pia zamu za ziada. Msimamizi wa udobi alinuna, kisha akazoea.

Mwaka uliofuata, Arobaini na Moja ilitoa shina moja, fupi, lenye vitumba vitatu. Mshenga alikuwa na kikombe cha chai mkononi asubuhi ile kitumba cha kwanza kilipofunguka. Ua lilikuwa la njano, njano ya shuka lililofuliwa mara elfu.

Akalitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akampigia Mwalimu simu.

"Limetoka la njano," akasema.

"Tumeuhamisha mche, umenuna," Mwalimu akajibu. "La huku ni jeupe. Mashina tisa. Njooni Jumamosi."

"Tutakuja."

Alizungushia mche mawe manne ili mumewe asiukanyage, akaenda kazini. Jumamosi Fundi alipiga honi mara mbili. Mume wa Mshenga akatoka hadi kwenye pikapu bila viatu, kidole mdomoni.

"Amelala," akasema. "Sijamwona akilala hivi tangu tuoane. Nendeni tu."

Wakaenda bila yeye. Mshenga aliamka saa tano, jua likiwa limeingia mpaka miguuni pa kitanda, akageuka upande wa pili, akalala tena. Kwa Mwalimu alikwenda Jumamosi iliyofuata, na maua sita meupe yalikuwa yamefunguka.