Mkate wa Chuma Uliokuwa na Homa

"Kile chuma kinafanya kazi gani?"

Baba aliniuliza hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilimjibu kwa kejeli. Mara ya pili sikuwa na jibu lolote, na hadi leo nashukuru kwamba sikujifanya ninalo.

Ilikuwa miaka ya vita. Inivesite, yaani chuo kikuu, ilikuwa imefunga milango, nami nilikuwa nimerudi kwetu Masisi na miaka miwili ya fizikia kichwani, bila mahali pa kuitumia. Nilihoji kila kitu. Nilimhoji padri juu ya maji ya baraka, mama juu ya majani anayochemsha, majirani zetu wakulima juu ya mwezi wanaosubiri kabla ya kupanda viazi. Watu wetu walikuwa wamehamia kutoka upande wa Butembo, wenye duka moja na lori moja kuukuu la dizeli. Katika nyumba ya namna hiyo binti mwenye maswali ni kama manyunyu: anakera, lakini hakuna anayeacha kazi kwa ajili yake.

Kiangazi kilichotangulia, lori lilikuwa limekatika vilbrekini kwenye mpando wa mlima wa Kalembe. Vilbrekini ni ule mhimili uliopindapinda ndani ya injini, unaopokea nguvu ya pistoni zote na kuigeuza iwe mzunguko. Ulivunjika vipande viwili kama muhogo. Lori lilikaa pale wiki tatu, na dereva wetu akalala chini yake akila viazi vya wenyeji. Hakuna aliyeelewa sababu. Mzigo haukuwa mwingi, mafuta yalikuwemo. Ndipo muuza vipuri mmoja wa Butembo alipomwambia baba kwamba kosa liko kwenye kile kidude cha duara kilichofungwa kwenye pua ya vilbrekini, mbele ya injini. Kimechoka, alisema. Akamuuzia kipya, ambacho hakikutengenezwa na wale waliotengeneza lori bali na watu wengine kabisa.

Kilikuwa kizito, bapa, kimezibwa pande zote. Hakikuwa na meno wala tundu la kutilia mafuta. Dereva, mtu wa vilima vya Masisi, mkulima na mwanakwaya wa kanisa lao, alikitazama mara moja akakiita mukate. Nilikitikisa karibu na sikio. Kimya.

"Kile chuma kinafanya kazi gani?" baba akauliza, akininyooshea karatasi ya Kifaransa iliyokuja nacho. "Soma, wewe wa inivesite."

Niliisoma. "Banasema ndani iko mafuta mazito, na moteri itaishi siku mingi. Ata dawa ya minyoo ya soko inaandikwa vile. Papa, bamekuuzia mukate ya chuma."

Kisha nikafanya jaribio, kwa kuwa sikutaka kuwa mtu wa maneno tu. Vilbrekini mpya ilikuwa imeshawekwa, na kidude cha zamani kilikuwa bado mahali pake. Nilimwaga konzi ya maharage juu ya kifuniko cha injini, dereva akawasha injini na kukanyaga mafuta polepole, nikatazama yanavyocheza. Tukafunga kipya, nikarudia. Maharage yaliruka vilevile, yakaanguka vilevile. Nikatangaza hukumu mbele ya wote waliokuwapo uani: hakuna tofauti.

"Basi mupike hizo maharage," baba alisema, na akaamuru kipya kibaki. Cha zamani tukakitupa nyuma ya kiti cha dereva. Kwetu chuma hakiachwi.

Miezi michache baadaye baba alikwenda Itebero, chini kwenye msitu, kununua mawese, akiwa amepanda lori la mwenzake. Huko aliteleza kwenye magogo ya daraja, akavunjika mguu chini ya goti. Habari zilitufikia kwa wachuuzi waliotembea kwa miguu kupitia Ntoto, nao walileta habari ya pili: wapiganaji wanasogea, vijiji vinahama kimoja baada ya kingine. Watu wa Itebero wanajua kutembea. Wangebeba sufuria na watoto, wakaingia msituni. Baba hangeweza. Mama hakulia. Alijaza mafuta, akampa dereva shuka mbili na mbao, akaniambia niende naye, kwa sababu kwenye vizuizi vya barabarani kadi ya mwanafunzi na Kifaransa safi wakati mwingine hufungua kamba.

Tulimkuta. Ugali aliopewa ulikuwa haujaguswa, na mguu umevimba. Alipouona uso wangu dirishani alisema tu, "Mulichelewa, nilikuwa nafikiri mumesimama kupika maharage." Tulimlaza kwenye godoro nyuma ya lori, mguu umefungwa kwa zile mbao, na kabla hatujawasha injini watu zaidi ya ishirini walikuwa wamepanda na vifurushi vyao. Tukageuza lori, tukashika njia ya kwetu.

Dereva wetu alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwake peke yake, bali kwa madereva wengi wa njia zile. Kila aliposimama alizunguka lori akigusa: vikombe vya magurudumu, tairi, sanduku la gia, pampu. Aligusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyogusa shingo ya mtoto. Kilicho na joto kuliko kawaida kina homa, na chenye homa hupewa maji, au hufungwa kitambaa kibichi, au hupumzishwa. Kwa mkono huo alikuwa ameokoa lori mara nyingi, na hata mimi sikuwa na la kuhoji.

Siku ya tatu ya kurudi, chini ya mpando mrefu wa mwisho, alisimama penye kijito. Akafungua boneti, akapitisha mkono kati ya radieta na injini. Akautoa haraka. Tangu kipya kifungwe, lori lilikuwa halijabeba mzigo kwenye milima mirefu namna hii.

"Mukate iko na homa," alisema. "Homa mukali."

Nami nikagusa. Kweli ulichoma. Vyuma vilivyouzunguka vilivumilika; wenyewe haukuvumilika.

"Na ile ya zamani?" nikauliza.

"Ile? Ata tukipanda kutwa nzima, ilikuwa baridi kama mutungi. Ile haikunisumbua ata siku moja."

Nikiri: nilifurahi. Baba yangu alikuwa kwenye godoro na mguu uliovunjika, bunduki ziko nyuma yetu, nami nilifurahi kwamba nilisema kweli. "Si nilibaambia? Itakula moteri. Toa, turudishe ya zamani."

Dereva alikuwa ameshashika spana. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa mbili hivi: feni, mikanda, kisha bolti za mukate. Waliopita kwa miguu walisema kijiji tulichokiacha asubuhi kimeshakuwa kitupu. Mama mmoja aliyekaa juu ya gunia lake akapiga kelele kutoka juu: "Muko nachoma mukate ao tunaenda?" Watu wakacheka kicheko kile cha woga.

Baba akaniita. Nilipanda gurudumu nikamwinamia.

"Kuko nini?"

"Chuma yako iko moto sana, Papa. Tunaitoa."

"Kile chuma kinafanya kazi gani?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kitu juu ya msuguano, juu ya mzunguko. Lakini aliyeuliza hakuwa mwalimu, ni mtu ambaye angeachwa kando ya njia kama ningekosea.

"Sijui, Papa."

"Kama haujue kazi yake, unajuaje kama iko naifanya mubaya?" Akapumua kwa maumivu. "Muulize shofere. Siku vilbrekini ilikatika kule Kalembe, mukate ya zamani ilikuwa moto ao baridi?"

Dereva alikuwa amesikia. Alisimama na spana mkononi, akafikiri kwa uaminifu.

"Baridi, Papa. Niliigusa chini ya mulima, mbele ya kupanda. Baridi kabisa."

Nilikuwa nimeyapima maharage, lakini hilo sikuwa nimeliuliza. Ubaridi haukutuokoa Kalembe. Hilo halikuthibitisha kwamba joto lingetuokoa, lakini lilinitosha kuona kwamba furaha yangu haikuwa na msingi.

"Tuache vile iko," nikasema.

"Ikikatika katikati ya mulima," dereva alisema, "ni wewe utamubeba papa yako ku mugongo."

"Nitamubeba."

"Na hiyo mifupa ya inivesite?" Akatikisa kichwa. Lakini alirudisha spana. Akachota maji kijitoni akayamwagia mukate, mgonjwa apewe chake, nao ukafoka mvuke. Tukapanda.

Sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza mpando ule. Niliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini ndani ya kabini na kungojea mlio mmoja tu, ule ambao dereva aliniambia unafanana na mti unaokatika. Gia ya kwanza. Tope. Kona, kisha kona. Mara injini ilinguruma kwa sauti nisiyoijua nikafunga macho. Ilikuwa ni jiwe tu chini ya tairi. Tulifika juu, mahali ambapo msitu unaisha na vilima vya malisho vinafunguka. Dereva hakusimama kugusa chochote. Alishika njia ya kuteremka, na baada ya kona mbili akaanza kuimba besi ya wimbo wa kwaya, yeye peke yake, bila sauti nyingine. Nyuma, yule mama wa gunia akamwitikia. Nilijikuta nacheka na machozi yananitoka, nikatazama nje ili dereva asione.

Nyumbani wanaume wanne walimteremsha baba juu ya mlango uliong'olewa dukani. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akamgombeza kwa kuteleza kwenye daraja. Dereva alifungua boneti mara ya mwisho siku ile.

"Bado iko na homa," akaniambia. "Kesho tutaipeleka kwa daktari."

Hatukuipeleka. Mguu wa baba ulipona ukiwa mfupi kidogo, na lori likaendelea kutembea. Kwa miaka yote ya vita dereva aliumwagia mukate maji kila aliposimamisha lori, wala vilbrekini haikukatika tena. Ule wa zamani mama aliuweka mlangoni mwa duka, uzuie mlango usipigwe na upepo.

Muda mrefu baadaye, nikiwa nimeshakuwa mwalimu, nilimsimulia haya fundi mmoja mzee wa injini. Alicheka sana. Maharage, alisema, hayangeweza kuonyesha kitu, kwa sababu vilbrekini haiuawi na kutikisika. Inauawa na kujisokota, na kujisokota huko hakuonekani juu ya kifuniko. Nilimuuliza kama vidude vya watengenezaji wengine ni bora kuliko vya asili. Akasema hajui, kilicho kizima kinashinda kilichokufa, basi. Sikumwamini moja kwa moja. Nilimletea ule mukate wa mlangoni, akaukata kwa msumeno mbele yangu. Ndani mna pete nzito ambayo hutakiwa kuelea ndani ya mafuta mazito kama asali. Pale inapovutana na mafuta hayo, msokoto wa vilbrekini hugeuka joto, na kwa hiyo ulio mzima lazima uchome mkono baada ya mpando. Katika ule wa kwetu mafuta yalikuwa yameganda kama lami ya zamani na pete imeshikwa humo isitikisike. Ule tuliousifu kwa ubaridi wake, ambao nilitaka ufungwe tena chini ya mpando wakati baba amelala nyuma, ulikuwa umekufa tangu kabla ya Kalembe.