Hela ya Karoti Ilivyofika Mgwashi

Kosa lilitokana na usafi. Naliweka wazi mapema, kwa sababu kwa miaka mingi nimeamini kwamba mtu anayepiga mistari kwa rula na kurudia ukurasa ukichafuka hawezi kukosea mambo makubwa.

Nina daftari la namba za simu. Simu yangu ya kwanza ilipokufa na namba zote, niliapa kuziandika kwa mkono. Siku moja ukurasa wa wenye magari ulidondokewa na chai. Mtu mwingine angeufuta kwa kanga akaendelea na maisha yake. Mimi niliunakili upya kwa kalamu mpya, kisha nikauchana ule wa zamani na kuutia motoni. Katika kunakili, tatu ya mwisho kwenye namba ya mwenye kenta, lori dogo linalotubebea mazao, ikageuka nane. Ilikuwa nane nzuri sana, ya mviringo.

Nyumbani kwetu, juu ya Soni, mambo yote ya simu nayashika mimi. Sikukabidhiwa, niliyanyakua. Niliishia kidato cha nne, na ninachokijua kuhusu programu za simu nimejifundisha mwenyewe kwa kubonyeza, kukosea na kubonyeza tena. Jioni moja Baba alitaka kushuka kwa wakala akatume mwenyewe hela ya gari la karoti.

"Mawakala wanakosea, Baba," nilimwambia. "Niachie mimi."

"Haya, mama. Wewe ndiye msomi."

Zilikuwa laki mbili na themanini, hela ya ndama aliyeuzwa wiki ile. Karoti zetu na za mama mdogo zilikuwa zimeshang'olewa, zimeshaoshwa mtoni na kujazwa kwenye magunia thelathini kando ya barabara. Karoti iliyooshwa haingoji mtu. Na mwenye kenta, aliyewahi kuchezewa na wakulima wanaoita magari mawili kwa mzigo mmoja, alikuwa hapandi mlima bila kuona hela yake yote.

Niliandika namba kutoka kwenye daftari. Jina likatokea kwenye kioo. Lilikuwa jina ninalolijua, lile lile lililotokea mara zote nilizomtumia hela. Halikuwa jina lake, lakini hilo halikunishangaza. Huku kwetu watu wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya ndugu zao. Nikalisoma mara mbili, nikabonyeza.

Asubuhi, saa mbili, nilimpigia mwenye kenta.

"Shikamoo kaka. Umeshatoka?"

"Marahaba. Nitoke niende wapi? Mimi hela sijaona."

"Nilituma jana jioni! Ujumbe ninao hapa."

"Basi ujaze huo ujumbe kwenye tangi, tuone kama gari litawaka."

Nikamsomea namba. Nilipofika mwisho akasema, "Yangu inaishia na tatu. Na nikwambie mapema, mdogo wangu. Saa saba mchana kama sijaona kitu, napakia kabichi za mtu mwingine." Akakata.

Baba alikuwa barabarani na magunia. Nilimpigia nikamwambia gari limepata pancha. Uongo huo ulitoka haraka, bila kusahihishwa, mimi ambaye ujumbe wa maneno matano huurudia mara tatu kabla ya kuutuma.

Kisha nikafanya lile ninaloliweza: nikachukua karatasi na kuandika maneno ya kumwambia huyo aliyepokea. Nikafuta, nikaandika tena. Sikujua kama ni mkubwa au mdogo, mwanamume au mwanamke, kwa hiyo niliandika salamu ya kumfaa yeyote. Nikapiga, nikasoma.

"Habari za asubuhi. Samahani kwa usumbufu. Jana kwa bahati mbaya nilikosea kutuma kiasi cha shilingi..."

"We mtoto!" Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima. "Hata shikamoo huna? Matapeli nyie! Siku hizi mnatumia na wasichana?"

Simu ikakatwa. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Nilikaa pale jikoni nikiisoma karatasi yangu. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na kila sentensi ndiyo hiyo hiyo wanayotumia wezi. "Nimekosea kutuma, naomba unirudishie." Redio inatuonya kila siku tusiwasikilize watu wanaosema hivyo. Yule mama alikuwa mwangalifu tu. Mahali pake, na mimi ningekata.

Huduma kwa wateja walinijibu kwa upole kwamba hela imeshatolewa kwa wakala asubuhi ile. Ingekuwa bado kwenye simu wangeweza kuizuia. Sasa ilibaki hiari ya aliyeipokea.

Ilikuwa inakaribia saa tatu. Jambo moja tu lilinikaa kichwani: lile jina. Namba tofauti, jina moja. Nikampigia tena mwenye kenta, nikamtajia.

"Hilo si ni la shemeji yangu," alisema. "Kaka wa mke wangu, yule yuko Dar. Ndiye aliyenisajilia laini. Mimi sikuwa na kitambulisho wakati ule, wala mama yao hakuwa nacho. Alinunua laini mbili siku moja, meza moja, akatugawia... Ngoja. Ulisema inaishia na nane?"

"Nane."

"Mungu wangu. Umemtumia mama mkwe wangu."

Kwa sekunde chache niliona nimepona. "Basi kaka, mpigie! Mwambie hela ni yako."

"Mimi?" Alicheka kicheko kikavu. "Nimpigie mkwe wangu nimdai hela? Mahari yenyewe sijamaliza! Mbuzi wawili wananifuata mwaka wa nne huu. Nikimwona sokoni nakata kona. Nenda mwenyewe Mgwashi, nyumba ya juu ya msikiti. Na usinitaje!"

Nilichukua akiba yangu ya chini ya godoro, nikapanda bodaboda. Njia ya Bumbuli ilikuwa na utelezi na ukungu ulikuwa haujainuka. Kila kona nilitazama saa, nikapiga hesabu ya kwenda na kurudi, na kila mara haikutosha. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba nyingine, safari hii nikianza na shikamoo.

Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage, mwembamba, kanga imefungwa kichwani. Nilipiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani. Umetoka wapi na matope yote hayo?"

"Soni, mama."

Tukahamia Kishambaa, na hotuba yangu, niliyoitunga kwa Kiswahili, ikabaki nje. Aliniuliza wa nyumbani, nikajibu. Akauliza mvua, nikajibu. Kabla sijavuta pumzi ya kuanza, alikuwa amenisogezea kigoda, maji ya kunawa, ugali, na bakuli la nyama yenye mchuzi mwekundu.

"Kula. Una bahati, leo kwangu ni sikukuu. Mwanangu wa Dar kanikumbuka. Tangu Ramadhani hata salamu hakuna, simu yake haipatikani, watu wananiuliza nakosa la kujibu. Jana kashusha laki mbili na themanini kwa mpigo! Mwenye duka kanisomea, anasema jina la aliyetuma ni la mwanamke. Nikamwambia huyo ni wakala tu. Mwanangu hana mkono wa birika."

Nilikuwa nimeshatia tonge mdomoni. Ile nyama ilikuwa ndama wa Baba, kwa njia ya kuzunguka. Naungama kwamba niliimeza, nikachukua na kipande cha pili. Nilijiambia ni adabu kula kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake, ulivyokuwa umefunguka.

"Lakini dunia imeharibika," aliendelea. "Hela haijalala hata usiku mmoja, tapeli kanipigia. Msichana! Anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Hata kuamkia hajui. Nimempa zake."

Saa ya simu yangu ilisema saa sita na dakika tano.

"Mama," nikasema, "yule wa asubuhi ni mimi."

Aliacha kuchambua. Alinitazama, akatazama bakuli, akanitazama tena. Nikamweleza ovyo ovyo, nikianzia mwisho: magunia barabarani, kabichi, Baba, ndama, daftari, ile nane. Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu ingawa nilishajua husomewa na mwenye duka. Nikatoa kitambulisho. Nilikuwa nalia na mikono ina mchuzi.

"Mtu yeyote anaweza kuja na kitambulisho," alisema. Akachukua simu yake ndogo dirishani, akaiwasha, akaiweka mkekani. "Kama ni wewe, piga."

Nikapiga. Simu ikaita pale mkekani, kati ya bakuli na maharage. Hatukuipokea. Iliita mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Kwa hiyo si yeye," alisema.

Katika maneno yote niliyoyaandika na kuyafuta siku ile, hakuna hata moja lililokuwa limemfikiria yeye.

Aliinuka, akaingia chumbani, akakaa huko muda uliotosha mimi kuamini kwamba hatoki. Alipotoka alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Akanipa. Nikaifungua, na hapo nikafanya jambo linaloniamsha hadi leo nikiwa karibu kusinzia: nikazihesabu noti mbele yake. Nikazihesabu tena. Nilijua ni aibu na vidole havikuacha.

"Hesabu, mwanangu," alisema. "Zimepungua kumi na mbili. Kuna sukari na nyama. Sukari nitakurudishia. Nyama tumekula wote."

Nilicheka huku nalia. Yeye hakucheka, ila alivuta kigoda akakaa karibu yangu. "Sasa nambie. Nani kakuelekeza kwangu?"

Nilikuwa nimeahidi. Nilijaribu kusema niliulizia tu njiani, lakini siku ile uongo wangu wote nilikuwa nimeutumia asubuhi. Nikamtaja.

"Mkwe wangu! Yule anayekimbia akiona kanga yangu sokoni? Mpigie. Weka sauti."

Aliitikia mara moja. "Eh, mdogo wangu, vipi, umefika? Hukunitaja, sivyo?"

"Kanitajia," alisema mama.

Akajibu kwa sauti ya mtoto wa madrasa: "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Gari lako liko wapi?"

"Lipo mama. Tunataka... kuna kabichi kidogo hapa."

"Kabichi zingoje. Hilo gari litabeba karoti za huyu binti. Hela yako iko mkononi mwake, nimeiona kwa macho yangu. Umsubiri hapo Soni."

"Sawa mama."

"Na mbuzi wangu?"

"Mama? Mama? Mtandao unasumbua huku, mama." Simu ikakatika.

Nilimuaga haraka, nikitazama saa tena, na hilo nalo naliungama. Alinisindikiza mpaka penye bodaboda. Alichouliza ni kimoja tu: kama mimi ninayejua mambo ya simu naweza kujua mtu yuko wapi kwa namba yake. Nilimwambia siwezi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage.

Soni nilifika karibu saa nane na nusu. Kenta ilikuwa tupu, mwenyewe ameegemea mlango. Alizipokea noti, nikamwambia zimepungua kumi na mbili.

"Hizo nimekula mimi," alisema. "Ila usimwambie mzee wako kwamba nilikataa kupanda."

"Na wewe usimwambie hela ilikwenda wapi."

Tukapeana mikono kama wezi.

Baba alikuwa bado barabarani. Alikuwa ameyafunika magunia kwa majani ya migomba na kuyamwagia maji, ndoo baada ya ndoo, tangu asubuhi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Aliponiona nashuka kutoka mbele ya gari alimgeukia mama mdogo.

"Si nilikwambia? Gari limepata pancha, kaenda kulifuata mwenyewe. Kazi akiishika huyu, mimi nalala usingizi."

"Kalifuata hotelini," alisema mama mdogo. "Mbona ananuka nyama?"

Wakacheka wote, na mwenye kenta akacheka kuliko wote. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, mafupi, hayakuhitaji hata kuandikwa. Badala yake nikauliza magunia mangapi yameharibika.

"Mawili tu ya juu, yamepigwa jua," alisema Baba. "Si kitu, mama. Wape ng'ombe."

Walipokuwa wanapakia yale ishirini na nane, niliyafungua hayo mawili, nikaanza kuzipeleka karoti zizini kwa ndoo, safari baada ya safari. Mama mdogo alitaka kunisaidia. Nilikataa.